Uzi: Barua za Uswidi na Baltiki za kabla ya stempu, tujifunze kuzisoma kuanzia nje

#1 Tarishi wa Göteborg

Wakuu, habari za jioni. Humu nimesoma miaka mingi kuliko nilivyoandika, lakini jambo hili nimeshindwa kukaa nalo peke yangu.

Mezani hapa kuna karatasi moja iliyokunjwa, ukubwa wa kiganja changu. Haina bahasha, haina stempu. Iliandikwa Riga (leo Latvia) mwezi Juni 1831, ikaenda kwa mfanyabiashara wa Bordeaux. Niliipata kwenye mnada mdogo hapa Göteborg kwa krona 300, bei ikiwa imeshushwa kwa sababu muuzaji aliandika "imeharibika". Uharibifu wenyewe ni mipasuko miwili iliyonyooka, kila mmoja urefu wa ukucha, imetoboa kunjo zote mpaka ikatokea upande wa pili. Wiki nzima nilikuwa naisikitikia. Halafu asubuhi moja nikaiinua dirishani, nikaona mipasuko yote miwili ina upana uleule, na kingo zake zina rangi ya chai ya rangi. Kisu kilichoteleza hakifanyi hivyo. Ile ni kazi ya patasi, na aliyeishika alikuwa mtumishi wa karantini.

Kipindupindu kilifika Riga mwaka huohuo wa 1831. Nchi za jirani zikaweka vizuizi mipakani, na barua zikashukiwa sawa na wasafiri. Kituoni barua ilitobolewa ili moshi uingie ndani bila kuvunja lakiri, ikafukizwa kwa salfa, au ikapitishwa kwenye siki, ndipo ikaruhusiwa kuendelea. Ile rangi ya chai kwenye kingo ndiyo alama ya fukizo. Sasa kila nikiifungua naipeleka puani, ingawa najua harufu ilishaondoka zamani sana.

Nilichojifunza ni hiki, na ndicho nataka tukizungumze: barua ya kabla ya stempu inasomwa nje kwanza. Ndani mwandishi anasema anachotaka asikike. Nje, kila mkono uliyoishika umeacha alama bila kukusudia kumwambia mtu chochote, na alama hizo hazina sababu ya kudanganya.

Kwa wasiofahamu: Uswidi ilianza kutumia stempu tarehe 1 Julai 1855. Urusi, ambayo wakati huo ilitawala nchi za leo za Estonia na Latvia, ilitoa zake mwishoni mwa 1857. Kabla ya hapo kuna zaidi ya miaka 200 ya posta iliyopangwa vizuri bila kipande kimoja cha stempu. Watu wengi wanaijua Uswidi kwa ile stempu ya njano ya skilling tatu yenye kosa la rangi. Mimi moyo wangu uko kwenye hiyo miaka 200.

Nitaendelea kadiri mtakavyouliza.

#2 Mchuuzi wa Ilala

Mkuu nimekaa kitako. Swali la kwanza: bila stempu, pesa inalipwa na nani na posta inajuaje kama imelipwa?

#3 Tarishi wa Göteborg

Swali zuri, na jibu lake liko kwenye uso wa barua.

Anaweza kulipa mtumaji pale kaunta, na karani akaandika "franco" au kifupi chake. Anaweza kulipa mpokeaji. Au wanagawana: mtumaji analipa mpaka mpakani, mpokeaji anamalizia. Hii yangu ya Riga ina tarakimu kubwa mbele, imechorwa kwa mpigo mnene wa kalamu. Hiyo ni deni la mpokeaji kwa hesabu ya Ufaransa, kwa décime, na décime 10 ni faranga moja. Juu yake kuna mhuri "PRUSSE PAR GIVET", yaani imekuja kwa njia ya Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, na kuingia Ufaransa kwenye mji wa mpakani wa Givet. Maneno matatu tu, lakini yanakuonyesha Ulaya nzima ilivyovukwa kutoka mashariki hadi magharibi.

Ukishika barua za ndani ya Uswidi kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. Utaona namba pembeni, tuseme 14, ukadhani ni bei. Mara nyingi ni namba ya barua hiyo kwenye orodha. Kila mfuko wa posta ulisafiri na orodha ya barua zake, wao waliiita karta, na ilipofika ilibandikwa ofisini ili watu waje kutafuta majina yao. Ile 14 maana yake wewe ulikuwa mtu wa kumi na nne kwenye karatasi ile.

#4 Kalamu ya Unyoya

Uzi mtamu huu. Hebu tupe na historia kidogo, hao matarishi walikuwa nani? Wanajeshi?

#5 Tarishi wa Göteborg

Wakulima, ndugu yangu. Na hapa ndipo ninapowapenda kuliko makarani wote.

Amri ya kuanzisha posta ya Uswidi ilitolewa tarehe 20 Februari 1636. Malkia Kristina alikuwa bado mtoto, nchi ikiendeshwa na serikali ya walezi chini ya Axel Oxenstierna, na Uswidi ilikuwa katikati ya Vita ya Miaka Thelathini huko Ujerumani. Majeshi yako ng'ambo, amri ziko Stockholm, katikati pana bahari. Walihitaji habari zifike. Wakachagua wakulima waliokaa kando ya barabara kuu, wakawasamehe uandikishaji wa jeshi na baadhi ya mizigo mingine, na kwa malipo hayo mkulima akabeba dhamana ya kupokea mfuko na kuupeleka kwa mwenzake wa mbele. Alitakiwa awe na vijana wawili walioapishwa. Kijana alibeba pembe na mkuki. Akikaribia kituo anapuliza pembe, na mwenzake lazima awe ameshajifunga viatu.

Maili ya Kiswidi, ambayo ni zaidi ya kilomita 10, ilitakiwa imalizwe kwa saa mbili, kwa miguu. Ukichelewa adhabu ilikuwa siku nane kifungoni kwa mkate na maji. Fikirieni Januari kwenye misitu ya kule, jua linatoka na kuzama kabla hujamaliza shughuli zako.

Mkuu wa kwanza wa posta hiyo alikuwa Anders Wechel, aliyewahi kufanya kazi ya posta Leipzig. Alifariki mwaka uliofuata, 1637, na kazi ikashikwa na mjane wake, Gese Wechel, mpaka 1642. Mwanamke akiendesha posta ya dola inayopigana vita, katika karne ya 17. Huku wachache wanamtaja, na inaniuma kidogo.

#6 Bint wa Malindi, Unguja

Kaka Tarishi, hongera. Nimesoma hapo kwenye pembe nikamkumbuka babu. Yeye alikuwa na kasha la barua za wazee, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, zimekunjwa vilevile bila bahasha. Nje kumeandikwa jina la anayepelekewa na jina la nahodha aliyeibeba. Hizo nazo si za kabla ya stempu?

Nakuuliza pia kwa jambo jingine. Hizo zako zilivukaje bahari? Umesema Stockholm iko huku na majeshi yako kule.

#7 Tarishi wa Göteborg

Dada, tafadhali sana, kasha hilo lisiguswe na mtu asiyejua. Zanzibar ofisi ya posta ya India ilifunguliwa mara ya kwanza 1868. Kabla ya hapo barua zilikwenda kwa mkono wa nahodha au mfanyabiashara, kama ulivyosema. Na huku mambo yalikuwa hayohayo kwa zile zilizokwepa posta: barua za Kiholanzi za biashara ya Baltiki zina jina la nahodha nje, halafu maneno ya kumwombea, "ambaye Mungu amhifadhi". Nilipoyasoma mara ya kwanza nilisikia kama sauti ya wazee wetu wa pwani.

Kuhusu bahari. Njia iliyo maarufu zaidi ni ile ya visiwa vya Åland, iliyoanza 1638, kutoka Grisslehamn upande wa Uswidi mpaka Eckerö, halafu kisiwa kwa kisiwa hadi Åbo, mji ambao Wafini wanauita Turku. Hiyo ndiyo iliyounganisha Stockholm na Ufini na majimbo ya mashariki. Wavuvi na wakulima wa pwani zote mbili walivusha mfuko kwa mashua ya makasia na tanga. Wakati wa baridi bahari inaganda lakini haigandi sawasawa: hapa barafu inabeba mtu, hatua tano mbele maji. Basi waliiburuta mashua juu ya barafu, mmoja mguu ndani mmoja nje, wakifika kwenye ufa wanaruka ndani na kupiga makasia, wakifika ng'ambo ya ufa wanaivuta tena. Walikufa wengi. Eckerö leo kuna jengo kubwa la posta na forodha la 1828, limejengwa na Warusi baada ya kuichukua Ufini 1809. Jengo ni la fahari kuliko kijiji chenyewe, maana lilikuwa mlango wa dola. Kila mwaka watu bado wanashindana kuvuka kwa mashua za aina ile kuwakumbuka.

Kwa hiyo ukikuta barua ya Stockholm kwenda Åbo ya mwezi Februari, na ukapiga hesabu ukaona imechukua wiki kadhaa, usimlaumu karani. Kuna watu walikuwa wamekaa kisiwani wanaangalia barafu.

#8 Mzee wa Kumbukumbu

Kijana, mimi nilifanya kazi ya kutunza nyaraka hadi nilipostaafu. Nakupa tahadhari moja kabla vijana hawajaanza kununua: barua hizi zimetokaje mikononi mwa mwenyewe? Barua ya ofisi ya serikali haikupaswa kuwa mnadani.

#9 Tarishi wa Göteborg

Shikamoo mzee wangu. Hili nilitaka nilitaje nikasahau, asante.

Barua nyingi zilizo sokoni zimetoka kwenye makaratasi ya wafanyabiashara. Nyumba ya biashara ya Bordeaux au Amsterdam ilihifadhi kila barua iliyopokea, imefungwa kwa mwaka, na ilipofilisika au kuhama makaratasi yakauzwa kwa uzito. Ndiyo sababu barua za Riga na Reval (Tallinn ya leo) nyingi unazipata Ufaransa na Uholanzi, siyo Riga. Njia ya pili ni Wajerumani wa Baltiki, ambao familia zao zilihamishwa kuanzia 1939 na kuondoka na masanduku ya ukoo.

Lakini vita pia vilibeba nyaraka za umma. Kumbukumbu za mji wa Tallinn zilihamishiwa Ujerumani 1944 na nyingi hazikurudi nyumbani mpaka 1990. Kwa hiyo mimi nina sheria yangu: barua iliyoandikiwa gavana, baraza la mji au mahakama, nauliza historia yake. Nikiona mhuri wa maktaba, namba ya jalada kwa penseli, au matundu ya uzi pembeni yanayoonyesha imenyofolewa kwenye kitabu, naiacha na nawaandikia wahusika. Na kuitoa hati ya zamani nje ya Uswidi kunaweza kuhitaji kibali, ulizeni kwanza.

#10 Mzee wa Kumbukumbu

Marahaba. Umejibu kama mtu wa kazi. Endelea.

#11 Mchuuzi wa Ilala

Wakuu nimeingia mtandaoni kuzitafuta, nimekutana na picha ya barua ya Uswidi imeandikwa tarehe 30 Februari 1712. Februari 30! Hawa wauzaji wa barua feki hawana hata kalenda?

#12 Tarishi wa Göteborg

Mkuu, tulia. Tarehe hiyo ilikuwepo, na ilikuwepo Uswidi na Ufini tu, mara moja tu katika historia. Sijaiona barua yenyewe kwa hiyo siwezi kuiapia, lakini tarehe peke yake isikufanye uikimbie.

Ilikuwa hivi. Uswidi ilitumia kalenda ya zamani ya Julius. Mwaka 1700 ikaamua kuhamia kalenda mpya polepole, kwa kuruka siku za nyongeza za miaka mirefu mpaka tofauti iishe. Ikairuka ya 1700. Vita na Urusi vikaanza, na 1704 na 1708 hakuna aliyeruka chochote. Nchi ikawa na kalenda yake peke yake, siku moja mbele ya Urusi, siku kumi nyuma ya Roma, yaani ya kalenda mpya. Mfalme Karl XII akaamua warudi walikotoka, na ili kurudi ikabidi Februari 1712 iongezwe siku mbili. Kalenda mpya waliichukua 1753, kwa kuruka kutoka Februari 17 hadi Machi 1.

Huko Riga na Reval, ambako Warusi walishaingia 1710, kalenda ya zamani iliendelea hadi karne ya 20. Hii siyo habari ya kupamba mazungumzo, ni chombo cha kazi. Barua yangu juu kabisa imeandikwa "12/24 Juni 1831". Siyo barua iliyoandikwa kwa siku kumi na mbili. Mwandishi yuko Riga kwenye tarehe 12, anajua anayemwandikia yuko Bordeaux kwenye tarehe 24, na ni siku ileile. Mpokeaji alikunja barua akaandika mgongoni kwa herufi ndogo kwamba imepokelewa 18 Julai. Ukihesabu kutoka 12 utapata siku 36 na utaanza kutunga hadithi ya barua iliyokwama. Hesabu kutoka 24: siku 24, pamoja na patasi na moshi. Nadhani ilikwenda vizuri sana.

#13 Kalamu ya Unyoya

Jina langu limenileta kwenye hili: ni kweli kuna barua zilizochomekwa unyoya?

#14 Tarishi wa Göteborg

Ni kweli. Barua za serikali zilizopita mkono kwa mkono, kijiji hadi kijiji, zikiwa za haraka zilichomekwa unyoya kwenye lakiri ya moto. Maana yake: irushe. Nyingine zina saa zilizoandikwa nje kila ilipobadilisha mkono, ili mzembe ajulikane.

Nimeiona moja kwa karibu kwenye mnada wa Stockholm, imewekwa kitambaani. Unyoya wa kijivu, umekatwa mfupi, upande mmoja umeliwa na wadudu, na lakiri nyekundu imeushika shina kama kidole kilichobanwa mlangoni. Bei iliruka mbali na mfuko wangu. Na kwa kuwa bei ziko hivyo, kuna watu wanapasha lakiri ya zamani moto na kuchomeka unyoya wa bata wa juzi. Tazama karatasi chini ya unyoya: kitu kilicholala pale miaka 200 huacha kivuli chake, karatasi ya pale inakuwa nyeupe zaidi au ina alama ya mgandamizo. Na lakiri iliyoyeyushwa tena mara nyingi hung'aa kuliko ile ya pembeni.

#15 Fundi Jalada

Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu hapa Tanga. Naomba kusema jambo la utunzaji maana watu watazileta huku kwenye joto na unyevu.

Msitumie selotepu. Hata kidogo. Gundi yake inaingia kwenye karatasi na haitoki. Msitumie yale mafuko laini ya plastiki yenye harufu kali, tumieni ya poliesta au karatasi isiyo na asidi. Msiweke karibu na ukuta wa nje. Vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu visitupwe. Na kunjo: ukiifungua barua kila siku kuonyesha wageni, itakatika palepale kwenye mkunjo.

#16 Tarishi wa Göteborg

Fundi, Mungu akuzidishie. Naongeza moja: msizioshe wala kuzipangusa. Waandishi wa zamani walikausha wino kwa mchanga. Kwenye hii ya Riga, ukiinamisha karatasi kwenye mwanga, ndani ya mkunjo wa chini kuna chembe bado zinameta, zimenasa kwenye wino. Ule ni mchanga wa mezani kwa mwandishi.

Kwa wanaotaka kuanza: barua za kawaida za Uswidi za miaka ya 1830 hadi 1854 ni nyingi na bei yake ni ya mtu wa kawaida. Jifunzeni kwa hizo. Mihuri yake ya miji ina maumbo yanayopendeza, ya mwanzoni jina limepinda kama upinde, baadaye ikaja ya mstatili yenye jina na tarehe. Ukifika Stockholm nenda Makumbusho ya Posta, Lilla Nygatan, kwenye mji mkongwe. Tatizo kubwa litakuwa mwandiko. Wajerumani na Waswidi waliandika kwa mwandiko ambao herufi e inafanana na n, na mwezi wa kwanza utalia. Programu ya Transkribus inasaidia kusoma miandiko hiyo, ila hakikisha mwenyewe kila jina.

Hii yangu bahati nzuri ni Kifaransa. Bahati mbaya Kifaransa sikijui. Naweka picha ya ndani, mwenye kujua anisaidie.

#17 Mwana wa Bukavu

Jambo wandugu. Mimi niko Malmö, Kifaransa nilikisomea tangu nikiwa mdogo. Nimeikuza picha, mwandiko wake ni mzuri, ni mtu wa ofisi huyu.

Anazungumza juu ya mbao za mwaloni za kutengenezea mapipa. Anasema mzigo upo tayari, lakini wapakiaji ni haba, wengi wamekimbilia mashambani. Anataja bei mara mbili. Halafu kuna mistari mitatu ameiandika pembeni, wima, nadhani karatasi ilimwishia. Mstari wa pili umekatwa na ule mpasuko, herufi kama tatu hazipo. Nipe picha nyingine ya hapo, uiweke dirishani.

#18 Tarishi wa Göteborg

Hiyo hapo ndugu yangu. Nimeibana kwa vioo viwili, mwanga unatoka nyuma.

#19 Mwana wa Bukavu

Sasa inaonekana. Natafsiri kama ilivyo:

"Karani wetu mdogo tulimzika Jumanne. Barua zake zilizobaki nitaziandika mimi. Bei ya mbao haijabadilika."

Lile neno lililokatwa na patasi ni "Jumanne". Limebaki M mwanzoni na i mwishoni, mardi.